Huruma si Mgao

Kuna swali ambalo limezunguka sana katika bloku yetu. Limeulizwa kwenye bomba la maji, limeulizwa kwenye foleni, limeulizwa hata nje ya kanisa watu wakisalimiana: Je, ni haki mtu kumtunza mnyama mgonjwa mahali ambapo binadamu wenyewe hawashibi? Waliouliza si watu wabaya. Wengi wao ni watu ambao wakipika hutuletea sahani. Na kwa kuwa swali lilianza kwa ajili yangu, nimeona nilijibu hapa kwa maandishi, maana pale bombani mtu hapati nafasi ya kumaliza sentensi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kakuma, mmoja wa wale tunaolipwa insentivu. Nilitoka Fizi, Kivu Kusini, nikafika hapa mwaka 2012. Niko na mke, watoto wawili wa kike, na paka mmoja dume ambaye watoto walimpa jina la Bosi, kwa sababu yeye analala wakati wengine wanafanya kazi. Jioni moja Bosi aligongwa na bodaboda kwenye njia ya kwenda sokoni. Kijana wa pikipiki alisimama, akaangalia, akasema, "Ni paka tu," akaondoka. Simlaumu sana. Alikuwa na abiria na giza lilikuwa linaingia. Lakini hilo neno "tu" nitalirudia baadaye.

Kwanza niseme matunzo yenyewe yalikuwaje, ili tujue tunabishana juu ya kitu gani.

Paka aliyegongwa hakimbilii kwa mwenyewe. Anajificha. Tulimpata baada ya saa mbili hivi chini ya ua wa mathenge, kimya kabisa, macho yametoka. Kucha zilikuwa zimesagika kwa kukwaruza barabara, ufizi umepauka, miguu ya nyuma haimtii. Tulimsogeza polepole juu ya ubapa wa boksi, kama anavyobebwa mtu aliyeanguka kutoka mtini, kwa sababu mfupa uliovunjika ukikunjwa ovyo unaweza kuumiza zaidi ndani. Jirani mmoja, kwa moyo mzuri, alikuja na nusu kidonge cha Panadol akitaka tukisage kwenye maji. Mke wangu akamwambia, "Asante mama, lakini tungoje daktari kwanza." Ilikuwa vizuri kungoja. Panadol ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu, na hata kiasi kidogo kinaweza kumuua. Naandika hili wazi kwa sababu najua nyumba nyingi hapa zina paka na zina Panadol.

Asubuhi alikuja daktari wa mifugo, mzee Mturkana ambaye kazi yake ni mbuzi na ngamia za wenyeji. Alipiga magoti, akafinya kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Bosi akageuka akamng'ata. "Vizuri," mzee akasema, akifuta damu kwenye shuka yake. Halafu akatueleza maswali yake matatu. Je, anahisi miguu? Je, anakojoa mwenyewe? Je, anapumua bila kuhangaika? "Mwalimu," akaniambia, "kama yote matatu yangekuwa hapana, ningekushauri umpumzishe leo hii. Lakini huyu nyonga ndiyo imevunjika. Paka wengi nyonga inaunga yenyewe, bora asiruke." Eksirei ya wanyama hapa hakuna. Alipiga sindano moja ya maumivu, akachukua shilingi 200, akanywa chai. Dawa iliyobaki ilikuwa moja: wiki sita mahali padogo, bila kupanda, bila kuruka, bila kukimbia.

Jirani yetu Mrundi akatuazima banda la kuku. Tukatandika gunia, tukaweka mchanga wa laga kwenye sufuria ya zamani kwa haja zake. Siku mbili za kwanza hakula, tulimdondoshea maji pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Siku ya tatu alilamba supu ya dagaa. Mchana, bati likichemka, tulihamishia banda chini ya mwarobaini na kulifunika kitambaa kibichi. Ndiyo hayo tu. Hakuna maajabu. Ni kazi ndogo ndogo za kila siku, na zaidi ya nusu zilifanywa na binti yangu mdogo.

Sasa swali.

Nianze na pesa, kwa kuwa ndipo watu walipoanza. Dagaa wa shilingi 20 kwa siku. Siku zilizokuwa na dagaa ni 33, hivyo shilingi 660. Ongeza 200 za daktari: shilingi 860. Mtu wa mshahara Nairobi anaweza kucheka. Sisi hatucheki. Hapa shilingi 860 ni pesa, na kila mtu anajua yalivyo maisha tangu mwaka 2025, familia zilipogawanywa kwa makundi, wengine wakapata zaidi, wengine kidogo, na wengine wakaambiwa wajitegemee. Kwa hiyo aliyeniambia, "Mwalimu, hiyo pesa ingenunua unga," alisema kweli. Ingenunua.

Lakini angalia hoja hiyo inafika mpaka wapi. Pesa ya bando ingenunua unga. Pesa ya kusuka nywele ingenunua unga. Ya chai ya sokoni, ya jezi, ya betri ya redio, ya mafuta ya kujipaka, zote zingenunua unga. Kuna kijana hapa kwetu ambaye kila Jumamosi analipa kuangalia mpira, na sijasikia mtu akimwuliza kuhusu watoto wenye njaa. Wala asiulizwe. Mtu asiye na kitu bado ni mtu. Anahitaji kuchagua hata kidogo. Basi kwa nini anayenunua dagaa ya paka ndiye anaulizwa?

Nimefikiri sana juu ya hili, na jibu ninaloliona ni hili. Anayelipa mpira, watu wanaona ametumia pesa yake. Anayemtunza paka, watu wanaona ametumia huruma. Na huruma, kwa mawazo yetu sisi wa kambini, imekuwa kama unga: iko kwenye gunia moja, ukimpimia huyu unampunguzia yule. Tumekaa kwenye mizani miaka mingi mno. Tumezoea kwamba mema yote yanakuja kwa kipimo, kwa kadi, kwa alama ya kidole, na kwamba jirani akipata zaidi ni kwa sababu mimi nimepata kidogo. Kwenye chakula jambo hilo mara nyingi ni kweli. Kwenye huruma si kweli.

Hapa lazima nitofautishe vitu viwili, nisije nikaonekana nacheza na maneno. Kuna huruma, na kuna matunzo. Matunzo yana mwisho: ni saa, ni shilingi, ni mikono, ni maji ya kubeba kichwani. Matunzo yakienda hapa hayawezi kuwa kule. Kwa hiyo matunzo yanahitaji utaratibu, na utaratibu wa nyumba yangu ulikuwa wazi: watoto kwanza, kisha mgeni akifika, kisha paka. Huruma haihesabiwi hivyo. Ni uwezo wa kuona maumivu ya mwingine na kutotulia. Na uwezo, tofauti na unga, hauishi kwa kutumika. Mkono wa fundi hauishiwi ufundi kwa sababu ameshona nguo nyingi. Binti yangu aliyejifunza kuketi kimya karibu na banda, akisikiliza kama pumzi ni nzuri, ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba bibi wa nyumba ya tatu hajatoka nje tangu asubuhi. Sisemi paka ndiye aliyemfundisha. Nasema jicho linaloona huku ndilo linaloona kule.

Wako waliojaribu kunitetea kwa njia nyingine. "Muache mwalimu, paka anamlindia mahindi, panya ni wengi." Nawashukuru, na ni kweli panya ni wengi, na nge pia. Lakini sikutaka utetezi huo. Wiki ile ya kwanza hakuna aliyejua kama Bosi atawahi kumkamata panya tena. Kama sababu ya kumtunza ni kazi yake, basi siku alipovunjika nyonga sababu ilivunjika pamoja nayo. Na mimi ninaogopa sana hoja inayompa kiumbe haki ya kuishi kwa kadiri ya kazi yake, kwa kuwa najua hoja hiyo haiishii kwa paka. Inapanda. Inafika kwa mzee asiyeweza kulima, inafika kwa mtoto asiyetembea, na siku moja inafika kwa mkimbizi anayeitwa mzigo.

Hoja nzito kuliko zote aliisema mzee mmoja wa kwetu, mtu ninayemheshimu kama baba. Alisema, "Mwanangu, huko Ulaya mbwa ana daktari wake, ana kitanda chake, na mtoto wetu anakufa baharini akitaka kufika huko. Sasa na wewe unatuletea mambo hayo hapa?" Sikumjibu siku ile. Si adabu kumjibu mzee haraka, na pia kulikuwa na uchungu wa kweli ndani ya maneno yake. Nimekutana na uchungu huo mwenyewe. Unaona mtu analia kwa ajili ya mnyama, unajiuliza: na sisi je?

Lakini tukilitazama vizuri, mzee hakasiriki kwa sababu mbwa ametibiwa. Anakasirika kwa sababu mtoto hakutibiwa. Mbwa akinyimwa dawa kesho, mtoto hatapanda hata hatua moja. Kosa liko kwa anayemwona mbwa na asimwone mtoto, na kosa hilo haliponi kwa kuwafanya wote wawili wasionekane. Nilipopata nafasi nilimwambia mzee hivyo, polepole, tukiwa tumekaa. Akanyamaza, akasema, "Iko na ukweli, lakini haitoshi." Nakubali. Haitoshi. Ila ni ukweli.

Sasa nirudi kwenye neno "tu", na hapa nizungumze kama mwalimu wa lugha.

Kiswahili kina jambo la ajabu ambalo tunalipita kila siku. Tunasema kisu hiki kimeanguka, mti huu umeanguka, nyumba hii imeanguka. Kila kitu na ngeli yake. Lakini mtu huyu ameanguka, na paka huyu ameanguka. Neno "paka" lina umbo kama la "nyumba", halibadiliki kwa wingi, na bado sarufi haikumweka pamoja na nyumba. Ilimchukua ikamketisha pamoja na mtu, kwa sababu wote wawili wana uhai. Waliotengeneza lugha hii hawakuandika kitabu cha falsafa juu ya wanyama. Waliweka falsafa yao kwenye "a" na "wa", na watoto wa pwani wanaimeza pamoja na maziwa.

Sisi tuliojifunza Kiswahili njiani, wa Kongo, wa Burundi, na hata ndugu zetu wa bara la Kenya, mara nyingi hatufuati. Tunasema "paka inalala", "mbwa imekufa". Mimi nasahihisha jambo hilo darasani kila wiki na sifaulu. Sasa sikiliza kilichotokea bila mimi kusahihisha mtu. Wiki ya kwanza watu wakipita nyumbani waliuliza, "Ile paka iko aje?" Mpaka wiki ya nne, baadhi ya watu walewale, wakisimama kwenye banda, walikuwa wanauliza, "Bosi yuko aje leo? Amekula?" Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamemtazama akijaribu kusimama, akianguka, akijaribu tena, na ngeli ikabadilika midomoni mwao yenyewe.

Na upande wa pili kuna neno "unyama". Mtu akichoma nyumba ya jirani, akibaka, akikata watu kwa panga, tunasema amefanya unyama. Sisi wa Fizi tumeona mambo hayo, sitayaeleza hapa. Lakini nimeishi na wanyama tangu utotoni, na sijamwona mnyama hata mmoja akifanya hayo. Tumewabebesha wanyama jina la matendo yetu. Halafu tunashangaa kwamba anayemtunza mnyama anaonekana amepoteza utu, wakati huenda hapo ndipo anaukusanya.

Katika kozi ya maadili niliyoisoma hapa kambini kwa intaneti, tulifundishwa kwamba wanafalsafa wa Ulaya nao walibishana juu ya hili. Kant, Mjerumani, hakuamini kwamba tuna wajibu kwa mnyama mwenyewe; lakini alisema anayewatesa wanyama anaufanya moyo wake uwe mgumu hata kwa watu. Mwingereza Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, alikwenda mbali zaidi: kwake cha kuuliza si kama mnyama anafikiri au anasema, bali kama anaumia. Kati ya hao wawili, mzee wetu Mturkana yuko na Bentham. Swali lake la kwanza lilikuwa kufinya kidole.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo sikulitafuta, lilinijia lenyewe katika wiki zile sita. Ni jambo la banda.

Dawa ya Bosi ilikuwa kufungiwa. Kiumbe ambaye maisha yake yote ni kupita juu ya paa na kutoka dirishani, tulimweka mahali ambapo aliweza kugeuka na kulala, basi. Siku kumi za kwanza hakujali, alikuwa na maumivu. Baadaye akapata nafuu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Alilia usiku. Aling'ata fito. Aliniangalia, na mimi, mtu niliyeishi kambini miaka mingi, ambaye nikitaka kwenda Kitale lazima niombe kibali cha kutoka, nilikuwa ndiye mwenye ufunguo. Nilijiuliza kwa dhati: nina tofauti gani na kila aliyeniambia mimi kwamba kukaa hapa ni kwa usalama wangu?

Sitaki kujibu haraka kwa kusema "hakuna tofauti", kwa sababu si kweli. Kufungiwa kunaweza kuwa matunzo. Mguu unafungwa plasta, mtoto anashikwa mkono akivuka barabara. Na kambi hii, mwaka 1992 ilipofunguliwa kwa ajili ya vijana waliotembea kutoka Sudan, iliokoa maisha, hilo halina ubishi. Ila nilitafuta alama za kutofautisha kufungiwa kwa matunzo na kufungiwa tu, na nimepata tatu.

Ya kwanza: banda lilikuwa na tarehe. Binti yangu alichora mistari 42 kwa makaa ukutani, na kila jioni alifuta mmoja. Ya pili: banda lilikuwa kwa ajili ya mguu wake, si kwa ajili ya utulivu wangu. Siku mfupa ukiunga, sababu imekwisha, hata kama mimi nimezoea kumwona pale na kunanirahisishia kazi. Ya tatu nilisaidiwa na jirani yangu, mama Msomali, aliyekuwa anamletea Bosi mabaki ya samaki. Alinikumbusha habari inayojulikana na Waislamu wote, iliyomo katika hadithi zilizokusanywa na Bukhari na Muslim: mwanamke aliyepata adhabu ya moto kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, na hakumwachia akajitafutie chakula chake ardhini.

Mimi ni Mkristo, na kwetu Mithali sura ya 12 inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Lakini habari ya mama Msomali ina makali zaidi, na naomba msomaji aitazame kwa makini. Mwanamke yule hakuhukumiwa kwa kutolisha paka wote wa mji. Hakuna anayeweza. Kosa lake ni kuunganisha mawili: alifunga mlango, na hakuleta chakula. Angemlisha, ingekuwa sawa. Angemfungulia, ingekuwa sawa. Anayefunga mlango amechukua deni la chakula. Na asiyeweza kulilipa deni, afungue mlango.

Hapa nazungumza na ninyi mnaofanya kazi katika mashirika, kwa kuwa najua mnasoma kijarida hiki. Silalamiki juu ya mtu. Najua fedha za dunia zimepungua, na najua wengi wenu mnalala vibaya kuliko tunavyofikiri. Nasema tu kwamba mgao ukipungua, kanuni ile inabaki: mtu anayepewa kidogo lazima aruhusiwe zaidi. Kutembea, kufanya kazi, kufungua biashara, kwenda kumwona ndugu yake. Kenya imeandika mengi mazuri kuhusu hayo katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025 unazungumza lugha hiyohiyo. Tunangoja kuona mistari ikifutwa ukutani.

Na jambo lingine kwenu, dogo kidogo. Bosi hakuwahi kutushukuru. Alinikwaruza mara nyingi, alimng'ata daktari, na siku alipokula vizuri kwa mara ya kwanza alitugeuzia mgongo. Hakuna hata mmoja nyumbani aliyesema, "Paka huyu hana shukrani." Tulijua ni maumivu, tulijua ni hofu, tulijua ni kiumbe aliyezoea kujitafutia mwenyewe. Tulimpa nafasi hiyo bila kufikiri. Mama akipaza sauti kwenye dirisha la kuhudumia watu, au mzee akikataa kupigwa picha na gunia lake, mngeweza kumpa nafasi hiyohiyo?

Nimesema matunzo yana utaratibu. Utaratibu huo ulipimwa, na itakuwa si haki nikinyamaza. Wiki ya nne insentivu ilichelewa, na unga nyumbani ukapungua. Mke wangu aliniangalia, hakusema kitu. Niliacha kununua dagaa siku ile. Kwa siku tisa Bosi alikula ugali uliolowekwa kwenye maji ya maharage, na mabaki ya mama Msomali yalipokuwepo. Binti yangu alilia. Nilimwambia kwamba tunampenda Bosi na kwamba wewe na dada yako mnakula kwanza, na mambo hayo mawili hayagombani. Aliuliza, "Na kama hata sisi hatuna?" Nikamwambia, hapo tutamfungulia ajitafutie, hata kama mguu haujapona, kwa sababu kumfungia bila chakula hatuna haki nako. Hatukufika huko. Pesa ilikuja. Lakini nilitaka ajue kwamba jibu lilikuwepo kabla ya siku yenyewe.

Bosi anatembea. Anachechemea kidogo akikimbia, na juu ya paa hapandi tena. Anafika kwenye pipa la maji, anaishia hapo. Kukamata panya anakamata. Sisemi hivyo ili kuthibitisha kwamba nilifanya vyema. Angekufa wiki ya pili, hoja yangu ingekuwa ileile.

Kwa hiyo jibu langu kwa waulizaji wa bombani ni hili. Ndiyo, ni haki, kwa masharti: aliye na njaa nyumbani mwako ale kwanza, usimtese kiumbe kwa tumaini lisilo na dalili, uliza yale maswali matatu na uyasikilize majibu, na ukimfungia, mlishe, na uweke tarehe. Mwenye kuona kwamba nimekosea, hasa kwenye sharti la kwanza, ambalo mimi mwenyewe naliona gumu pale mwenye njaa si wa nyumba yangu bali wa nyumba ya pili, aniandikie katika toleo lijalo. Mzee wangu wa Fizi ameahidi kwamba ataandika. Namjua, na najua hatanihurumia.